Salfa haizami, chumvi haisaidii, tone la sabuni linamaliza kila kitu

Mwezi wa saba, asubuhi, shambani kwa mjomba kule Tandahimba. Umande umejaa kwenye majani, kusi bado haijaanza kuvuma, na hiyo ndo saa ya kupulizia salfa, ule unga wa njano wa kuzuia ubwiriunga. Mikorosho imeshatoa maua, mashine inanguruma, watu wote njano mpaka kope. Tulipomaliza safu ya mwisho mpwa wangu akakung'uta mfuko karibu na ndoo ya maji ya kunawa, salfa ikatua juu ya maji na kutanda pote, tabaka la njano kavu kabisa.

"Koroga ishuke," mjomba akasema, "tuchote maji safi."

Nikakoroga kwa kijiti. Salfa ikazunguka na maji, ikakusanyika katikati kwenye kile kishimo cha mzunguko, nikadhani sasa inazama. Maji yalipotulia ikarudi juu, na nilipoigusa kwa kucha ilikuwa bado unga, haijalowa hata kidogo.

Mpwa wangu alikuwa ameshaanza kujisugua na kipande cha sabuni, mikono povu tupu, akachovya vidole viwili kwenye ndoo.

Salfa ikamkimbia.

Yaani ilirudi nyuma yote kwa mkupuo, upande wa vidole vyake pakabaki maji matupu, upande wa pili njano ikajazana ukingoni, halafu pale ukingoni ikaanza kushuka. Punje kwa punje, michirizi myembamba ya njano inateremka taratibu hadi chini ya ndoo. Tumeinama tunaangalia, hakuna anayesema kitu. Baada ya muda juu hamna salfa, yote iko chini.

Maji kule juu kwenye uwanda wa Makonde hayamwagwi hovyo, kwa hiyo mjomba akayapeleka kwenye mche mmoja pembeni na sisi tukaenda kunywa uji. Wenzangu waliishia hapo. Mimi ile ndoo iliniganda kichwani wiki kadhaa, nikawa naamka nayo, naenda nayo kazini Mtwara mjini, narudi nayo. Nikawa naomba salfa kidogo kwa kila mtu mwenye mfuko.

Salfa ni madini. Ni jiwe lililosagwa. Kwa nini linaelea?

Jibu la kwanza linalokuja

Kila niliyemuuliza aliniambia kitu kimoja: ni unga, unga ni mwepesi.

Hilo jibu lina shida. Densiti ya salfa, yaani uzito wake kwa ujazo uleule, ni kama mara mbili ya maji. Chukua kibonge kilichogandamana chini ya mfuko, kikubwa kama punje ya korosho, kidondoshe kwenye ndoo hiyohiyo: kinakwenda chini moja kwa moja. Kisage kibonge hichohicho, nyunyizia taratibu: kinaelea. Kusaga hakubadilishi densiti. Salfa ni ileile, maji ni yaleyale.

Kwa hiyo kinachoishikilia salfa sio wepesi wake. Ni kitu cha maji yenyewe, na kipo pale juu tu, kwa sababu salfa ikishapita pale haishikiliwi na chochote.

Maji yanapoishia

Wengi tulifundishwa shuleni kwamba maji yana mvutano wa uso, tukaonyeshwa sindano inaelea kwenye glasi, tukajibu mtihani, basi. Mi nilirudi pale nikaanza upya polepole, maana nilitaka kuelewa nini hasa kinavuta na kinavuta kwenda wapi.

Molekuli za maji zinapendana sana. Haidrojeni ya molekuli moja inavutwa na oksijeni ya molekuli jirani, na molekuli iliyoko katikati ya ndoo ina majirani pande zote, chini, juu, kulia, kushoto, kwa hiyo mivuto inalingana na yenyewe imetulia. Sasa ile iliyoko juu kabisa haina majirani upande wa juu. Juu kuna hewa, na hewa haina cha kuishikia. Kukaa pale kuna gharama ya nishati, na maji hayapendi kulipa gharama hiyo, kwa hiyo siku zote yanajitahidi kupunguza eneo la juu liwe dogo iwezekanavyo. Ndo maana tone la maji linajikunja kuwa duara. Ukitaka kulinyoosha eneo hilo, au kulibonyeza libonyee, maji yanakataa.

Watu huita ngozi, na mimi nitaiita ngozi, ila ngozi hii haichuniki, ni maji yaleyale yaliyojikuta mpakani.

Nguvu yake imepimwa. Kwenye nyuzi joto 20 maji safi yana milinewtoni 72.8 kwa kila mita. Maana yake ukichora mstari wa mita moja juu ya maji, ngozi inavuta kwenye mstari huo kwa kani inayolingana na uzito wa gramu 7 hivi. Gramu 7 kwa mita nzima, utasema ni kidogo, na kwa mtu kweli ni kidogo. Lakini linganisha na vimiminika vingine tulivyonavyo nyumbani: spiriti iko kwenye 22, mafuta ya taa ishirini na kitu. Zebaki ndo inayatupa maji mbali, inakaribia 500, lakini ile ni metali. Katika vimiminika vya kawaida maji yako juu sana, na sababu ni ule mshikano wa haidrojeni na oksijeni.

Moto unapunguza. Kwenye nyuzi 0 ni 75.6, na kwenye nyuzi 100 inashuka hadi 58.9, kwa sababu molekuli zikichemka na kurukaruka mshikano wao unalegea. Nilijaribu salfa kwenye maji ya moto, mvuke unapanda, nikidhani labda nitaona kitu. Ikaelea tu. Kwa hiyo joto ni sababu ya kweli lakini haikuwa jibu la ndoo yangu.

Udogo una hesabu yake

Kibonge kuzama na unga kuelea, hiki ndo kitu cha kwanza kilichonifungukia, na kilinifurahisha sana.

Ngozi ya maji inashikilia kitu kwenye ukingo, kwenye ule mstari ambapo maji, hewa na punje vinakutana. Uzito wenyewe unatokana na ujazo wa punje nzima. Sasa punguza upana wa punje kwa nusu: ukingo unapungua mara 2, uzito unapungua mara 8. Punguza tena kwa nusu: ukingo mara 4, uzito mara 64. Kadiri unavyosaga, uzito unakimbia kupungua na ukingo unabaki nyuma, mpaka inafika mahali punje haina uzito wa maana mbele ya kile kinachoishika.

Nilipiga hesabu ya punje yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Mzunguko wake, ukizidisha na 72 ya maji, unatoa kani karibu mara elfu mbili ya uzito wa punje. Si mzunguko wote unaofanya kazi, na salfa haikatai maji kwa asilimia mia, kwa hiyo kata nusu au zaidi. Bado unabaki na mamia kwa mamia.

Ndo maana kijiti changu hakikufua dafu.

Ngumi ya chumvi

Sasa shida ikaja kwenye sabuni. Mpwa wangu alitia povu la vidole viwili tu. Mi nikawaza, kama kuchanganya kitu kwenye maji kunaharibu ngozi, basi kitu chochote kikiwa kingi kitafanya hivyo. Nikachukua chumvi, ngumi nzima, nikaitia kwenye beseni, nikakoroga mpaka ikayeyuka yote, nikanyunyiza salfa.

Ikaelea vizuri tu. Nikaongeza ngumi nyingine. Ikaelea.

Tone moja la sabuni: chini.

Hapa ndo nilikwama kweli. Nilikuwa natembea barabarani Shangani huku nawaza chumvi. Inawezekanaje kitu kilichojaa kwenye maji kiasi cha kubadili ladha kisifanye kitu, na kingine ambacho hata hukioni kikageuza kila kitu?

Shemeji yangu amefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi Lindi, nikampigia, nikamuuliza kama kuna kitu chochote huwa kinaelea kwenye yale majaruba. Akanijibu bila kufikiri: chumvi yenyewe. Mchana jua kali, upepo umetulia, maji yamekolea, chumvi inaanza kuzaliwa juu ya maji, vipande vidogo vyenye pande nne vinaelea, vinaungana, vinatanda. Upepo ukija vinazama. Aliniambia tena kwamba ukikichota kimoja taratibu kwa kiganja ukakiangalia karibu utaona kiko kama piramidi iliyogeuzwa, ncha chini, juu wazi, ndani kuna shimo la ngazi ngazi. Kinaanza kidogo, kinazama kidogo kwa uzito wake, kingo zake za juu zinaendelea kukua pale pale maji yanapoishia, kinazama tena kidogo, kinakua tena. Ndo zile ngazi.

Chumvi ina densiti ya 2.16. Maji ya jaruba yaliyokolea kabisa ni 1.2. Kwa uzito ilitakiwa izame tangu inazaliwa. Inashikiliwa na ngozi.

Na ngozi ya maji ya chumvi ina nguvu zaidi ya ile ya maji yasiyo na chumvi! Hii ilinishangaza kuliko yote. Maji ya bahari yanazidi maji ya mvua kidogo tu, kama milinewtoni 1, lakini maji yaliyokolea chumvi yanafika kama 82. Chumvi haidhoofishi ngozi, inaikaza.

Sababu yake niliielewa nilipoacha kuuliza chumvi ni nyingi kiasi gani nikauliza iko wapi. Chumvi ikiyeyuka inakuwa ioni, yaani chembe zenye chaji, za sodiamu na za kloraidi, na kila ioni inajizungushia molekuli za maji pande zote. Ikisogea juu mpakani itapoteza nusu ya maji yanayoizunguka, kwa hiyo haisogei, inabaki ndani. Unaweza kuweka ngumi kumi, zote zitakaa ndani. Pale juu, salfa inapotua, chumvi ni chache kuliko sehemu yoyote ya beseni.

Sabuni inakwenda wapi

Molekuli ya sabuni ina pande mbili zisizofanana. Kichwa kinapenda maji. Mkia ni mrefu, wa mafuta, na maji hayautaki kabisa. Ikiwa ndani ya maji haina raha, mkia unasumbua, kwa hiyo inapanda juu na kujipanga pale mpakani: kichwa ndani ya maji, mkia nje hewani. Pale ambapo molekuli za maji zilikuwa zinalipa gharama ya kukaa mpakani, sasa mkia wa sabuni ndo uko hewani na gharama inashuka. Ngozi inatoka 72 inakwenda 30 hivi, au chini kidogo ya hapo.

Na inahitaji kidogo kiasi gani? Gramu 1 ya sabuni, ikitandazwa unene wa molekuli moja tu, inaweza kufunika mita za mraba mamia kadhaa, ukubwa wa kiwanja cha nyumba. Uso wa ndoo haufiki hata sehemu ya kumi ya mita ya mraba. Kwa kweli sabuni nyingine inabaki ndani ya maji, lakini bado unaona: povu la vidole viwili lilikuwa ni la kumwaga.

Ile salfa kukimbia vidole nayo ilieleweka hapo. Sabuni haikuisukuma. Upande wa vidole ngozi ililegea, upande wa pili bado ilikuwa na nguvu yake yote, ikavuta, na salfa ikaenda na aliyevuta. Mwitaliano Carlo Marangoni aliandika kuhusu mwendo wa namna hii mwaka 1865 na mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Ukitaka kuuona vizuri nyunyizia salfa kidogo sana, iwe nyembamba, gusa katikati kwa kijiti chenye sabuni kwenye ncha: panafunguka duara safi kwa kasi ambayo jicho halifuati.

Hesabu iliyokataa

Ningeweza kuishia hapo. Ila hesabu yangu ya mwanzo ilikuwa bado iko kwenye daftari, na usiku mmoja niliirudia nikaona haikubali.

Punje inashikiliwa na kani mamia ya mara ya uzito wake. Sabuni inapunguza ngozi kutoka 72 hadi 30, yaani inabaki zaidi ya theluthi. Theluthi ya mamia bado ni zaidi ya mia. Salfa ilitakiwa iendelee kuelea bila wasiwasi wowote.

Lakini inazama. Niliiona, mjomba aliiona.

Hapa nilikaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, na naona maelezo mengi ya haraka yanaparuka hapa, yanasema sabuni inadhoofisha ngozi kwa hiyo vitu vinazama, na kwa salfa hiyo ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine iko kwenye punje. Maji safi yanapokutana na salfa hayaipandi. Yanaigusa, yanasimama pembeni yake, yanajishika yenyewe kwa yenyewe kwa sababu yanapendana kuliko yanavyoipenda salfa. Ule ukingo, ule mstari wa kushikilia, upo kwa sababu maji yamekataa kusonga mbele. Sabuni inabadili mambo mawili kwa pamoja: inalegeza ngozi ya maji, na ile mikia ya mafuta inang'ang'ania salfa, vichwa vinatazama maji, kwa hiyo maji sasa yanakutana na kitu yanachokikubali. Yanapanda. Yanaifunika punje mpaka juu. Na punje ikishafunikwa haina ukingo tena, hakuna mstari, hakuna cha kushikiliwa, unabaki uzito wake peke yake. Udogo hauisaidii tena.

Kwa hiyo salfa inapozama, si kwa sababu ngozi imeshindwa kuibeba. Inazama kwa sababu imelowa.

Nilipoelewa hili nikakumbuka kuna salfa ya aina mbili kwenye maduka ya pembejeo, hii ya vumbi tunayopulizia kavu, na ile ya kuchanganya na maji. Ile ya maji ni salfa hiihii, imesagwa laini zaidi na imetiwa vitu vya kazi ya sabuni ili ikubali kulowa. Mtu akichukua ya vumbi akaitia kwenye bomba la maji kwa kubana matumizi, atapulizia maji matupu na salfa itabaki inaelea ndani ya tangi. Nawafahamu watu walioona hivyo wakasema dawa ni feki.

Binti wa Braunschweig

Siku moja salfa ilizama kwenye maji ambayo sikutia kitu. Nilisimama pale nimechanganyikiwa kabisa, mpaka dada alipopita akasema hilo beseni tumeoshea vyombo jana. Lilikuwa limesuuzwa. Lilikuwa linang'aa.

Hapo ndo nilipokutana na habari za Agnes Pockels, na nampenda sana huyu mama. Alizaliwa mwaka 1862, akakulia Braunschweig, Ujerumani. Alitaka kusoma fizikia, wakati ule vyuo vikuu vya kwao havikuwa vinapokea wanawake, akabaki nyumbani kutunza wazazi na kufanya kazi za jikoni. Na kwenye maji ya kuoshea vyombo akaona kwamba grisi kidogo, sabuni kidogo, hata uchafu usioonekana, unabadili tabia ya maji pale juu. Akiwa na umri wa miaka ishirini hivi alikuwa ameshatengeneza chombo chake: sinia la bati la mstatili lililojaa maji, na kipande cha bati kinacholala juu kwa upana, unakisogeza mbele au nyuma, eneo la juu linapungua au kuongezeka. Nguvu ya ngozi aliipima kwa mizani ndogo, akiangalia inahitaji uzito gani kunyanyua kifungo cha nguo kilichogusa maji.

Aliona hivi: maji yenye uchafu kidogo juu, ukiyapa eneo kubwa, yanafanya kama maji safi. Anza kusogeza kile kibati, uchafu ujibane, mwanzoni hakuna kinachobadilika. Halafu unafika mahali fulani, na ngozi inaanza kushuka ghafla. Ni pale molekuli zinapokosa nafasi na kuanza kubanana bega kwa bega. Alikuwa anashika tabaka la molekuli moja jikoni kwake, kwa bati na kifungo.

Mwaka 1891 alimwandikia barua mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, ambaye alikuwa anahangaika na mambo hayohayo. Rayleigh aliisoma, akaipeleka kwenye jarida la Nature, ikachapishwa mwezi Machi mwaka huohuo. Chuo cha Braunschweig kilimpa udaktari wa heshima mwaka 1932, akiwa na miaka 70. Alifariki 1935.

Niliosha beseni upya kwa maji ya moto, nikasuuza tena na tena mpaka dada akaniuliza nina nini. Salfa ikaelea.

Mama mdogo wa maabara

Mama mdogo alifanya kazi maabara ya hospitali miaka mingi kabla hajastaafu. Nilimpigia kumsalimia tu, shikamoo, marahaba mwanangu, habari za Mtwara, nikajikuta namweleza habari za ndoo. Akacheka, akasema: "Hiyo salfa yako sisi tulikuwa tunaimwaga kwenye mkojo."

Nilidhani ananitania.

Kumbe ni kipimo, kinaitwa kipimo cha Hay, na kwenye mafunzo ya udaktari bado wanafunzi wanakutana nacho. Unaweka mkojo kwenye testitubu, unanyunyizia unga laini wa salfa juu, unaacha bila kutikisa. Ikielea, vizuri. Ikizama, kwenye mkojo kuna chumvi za nyongo.

Chumvi za nyongo zinatengenezwa na ini ili kuyavunja mafuta ya chakula tumboni, na zina umbo la kazi hiyo, upande mmoja wa maji, upande mwingine wa mafuta. Zikitia mguu kwenye maji yoyote zinapanda juu, sawa na sabuni. Njia ya nyongo ikiziba, haziendi tumboni, zinarudi kwenye damu na kutokea kwenye mkojo. Siku hizi kuna vipimo bora vya damu, na mtu akiona macho yake yamekuwa ya njano aende hospitali, asianze kutafuta salfa. Lakini nilipokata simu nilikaa kimya dakika nyingi. Jina lenyewe ni chumvi, chumvi za nyongo, na zinafanya kile ambacho ngumi zangu za chumvi ya mezani hazikuweza.

Kisima na mvua

Nilirudi Tandahimba mwezi wa nane nikiwa na jambo moja la kumwonyesha mjomba. Kwake kuna maji ya aina mbili, ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye kisima cha nyumbani, na ya bomba la kisima kirefu yanayoletwa kwa gari. Nikachota madumu mawili yanayofanana, nikanyunyizia salfa kote, nikaanza kudondosha maji ya sabuni ya kipande, tone moja huku, tone moja kule.

Kwenye maji ya mvua ilizama karibu mara moja. Kwenye yale mengine salfa ilitikisika, ikarudi, ikaendelea kukaa, nikaongeza, nikaongeza, juu ya maji yakaanza kutokea yale mabaka meupe yanayonata ambayo kila anayefua anayajua. Ni kalisiamu. Maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa yanabeba kalisiamu, na kalisiamu inazikamata molekuli za sabuni na kuzigandisha, kwa hiyo haziwahi kujipanga pale juu. Mpaka kalisiamu yote ishibe, sabuni unayotia haihesabiki. Sabuni ya unga inastahimili zaidi, mikia yake inafanana na ya sabuni ya kipande lakini vichwa vyake havigandishwi kirahisi hivyo na kalisiamu.

Mjomba aliangalia madumu yote mawili, akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: na dawa ya maji ikitua kwenye jani la mkorosho?

Tukaenda kwenye mti. Jani la mkorosho ni gumu, lina nta, ukidondosha maji matupu yanasimama kama tone na ukilitikisa jani yanadondoka. Tukadondosha ya mvua yenye sabuni kidogo sana: yakatandaa. Ya kisima kirefu yenye sabuni kiasi kilekile: yakasimama. Sabuni ikizidi nayo haifai, maji yanachuruzika yote na maua yanaweza kuungua, kwa hiyo kiasi ni cha kufuata maelekezo ya dawa yenyewe.

Mjomba ametenga mapipa mawili ya maji ya mvua kwa ajili ya kuchanganyia dawa peke yake. Ya kisima kirefu yanaenda kwa mifugo na kufyatulia matofali.